Kuweka dashibodi ya klasta ya makontena, kuanzia mashine tupu

Ujumbe ninaopokea huwa wa aina tatu, na wote unahusu Kubernetes, mfumo unaounganisha mashine kadhaa kuwa kundi moja (klasta) na kuendesha humo makontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake. Wa kwanza: "Nimeshaweka Kubernetes, nodi zipo, lakini kila kitu ni maandishi kwenye skrini nyeusi. Nitaonaje kinachoendelea?" Wa pili hufuata siku mbili baadaye: "Dashibodi imefunguka ila inaniomba tokeni. Inapatikana wapi?" Wa tatu ndio unaonisumbua: "Nimeifungua kwenye intaneti ili mkubwa wangu aione akiwa nyumbani. Ni sawa?"

Si sawa, na ndiyo sababu nimekaa kuandika hatua zote mahali pamoja. Nimezipanga kwa hali yetu hapa Uganda: mashine za mtumba zilizonunuliwa Kampala, umeme unaoweza kukatika mchana, na bando la intaneti linalohesabiwa.

Shika jambo moja kabla hatujagusa terminali. Dashibodi, yaani ukurasa wa kutazama klasta kwenye kivinjari, ni dirisha tu. Klasta yako itaendelea kufanya kazi hata dashibodi ikifa, na ukiifuta hakuna programu yako itakayosimama. Lakini dirisha hili linaweza kuwa na mkono: mtu mwenye tokeni yenye nguvu zote anaweza kufuta kila kitu kwa kubonyeza mara mbili. Kwa hiyo tutaifungua ikiwa ndogo kwanza, ya kutazama tu, kwenye mashine yako tu. Nguvu utaziongeza baadaye, ukijua unampa nani na kwa nini.

## Je, unaihitaji?

Kama una mashine moja na makontena matatu, huhitaji klasta. Docker Compose, chombo cha kuendesha makontena kwenye mashine moja, inakutosha, na Portainer, ukurasa wa kuyasimamia, itakupa picha ya kutazama. Usijitwishe mzigo wa Kubernetes kwa sababu umeona wengine wanao. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine mbili au tatu, au anayejifunza akijua kazi inayomngoja inatumia Kubernetes.

Kuhusu dashibodi yenyewe, mafunzo mengi ya zamani yanakuelekeza kwenye Kubernetes Dashboard na faili lake la `recommended.yaml`. Mradi ule umefungwa, hautunzwi tena, na waliokuwa wakiutunza wanawaelekeza watu kwa Headlamp, dashibodi nyingine. Headlamp ilianzia kwa kampuni ya Kinvolk ya Berlin, ambayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2021, na leo iko ndani ya mradi wa Kubernetes wenyewe. Hiyo ndiyo tutakayoweka. Ukikutana na video inayokuambia uendeshe `kubectl proxy` (kubectl ni amri ya kuzungumza na klasta) kisha ubandike anwani ndefu yenye neno `kubernetes-dashboard` katikati, ifunge. Itakupotezea jioni nzima.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine moja yenye Ubuntu Server, viini viwili vya prosesa na RAM ya GB 4. K3s, Kubernetes nyepesi tutakayoweka, inaweza kuanza na GB 2, lakini ukiongeza programu zako mwenyewe utabanwa mapema.
- Mashine ya pili ukiipata. Si lazima kwa leo.
- Kompyuta yako ya kazini yenye kivinjari na SSH, njia ya kuingia kwenye mashine nyingine ukiwa mbali.
- Ruta ambayo unaweza kuingia kwenye mipangilio yake. Hili watu hulisahau, kisha hulilipia.
- Intaneti isiyokatika kwa saa moja hivi. Makontena yatapakuliwa, na upakuaji ukikatwa katikati utaona makosa yasiyo yako.
- UPS au inveta, hata ndogo. Mashine inayozimika ghafla wakati inaandika kwenye diski inaweza kuharibu hifadhidata ya klasta.

Maneno matano tu ya nadharia. Nodi ni mashine. Podi ni kifurushi kidogo kinachobeba kontena moja au zaidi. Neimspesi ni chumba ndani ya klasta, ili vitu vya duka visichanganyike na vya shule. Tokeni ni cheti kirefu cha maandishi kinachosema wewe ni nani. Roli ni orodha ya unachoruhusiwa kufanya. Mengine utayaelewa ukiwa njiani.

## Hatua ya 1: Sawazisha saa na anwani

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakihangaika siku mbili na dashibodi inayokataa tokeni, kumbe shida ni betri ndogo ya saa kwenye ubao mama.

Mashine nyingi za mtumba huja na betri hiyo, CR2032, ikiwa imekwisha. Umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi miaka nyuma. Kubernetes inategemea vyeti na tokeni zenye tarehe, kwa hiyo mashine inayoamini iko mwaka 2015 itavikataa vyote. Nunua betri mpya, kisha andika:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala
sudo timedatectl set-ntp true
timedatectl
```

Kwenye majibu, tafuta mstari unaosema `System clock synchronized: yes`.

Sasa anwani. Ingia kwenye ruta na uifungie seva, yaani mashine ya kwanza, anwani moja isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10. Usipofanya hivyo, siku umeme utakapokatika na kurudi, ruta inaweza kuipa seva namba nyingine, na nodi ya pili itaendelea kuitafuta kwenye namba ya zamani. Kwenye dashibodi utaona nodi imeandikwa `NotReady` na utadhani imeungua.

Hakikisha pia kila mashine ina jina lake. Ukinakili diski ya mashine moja kwenda nyingine, zote mbili zitaitwa jina moja na ya pili itakataliwa kuingia. Badilisha hivi:

```
sudo hostnamectl set-hostname nodi2
```

## Hatua ya 2: Weka k3s

K3s ni Kubernetes iliyofungashwa kwenye faili moja, na inafaa sana kwa mashine zetu. Kwenye seva:

```
curl -sfL https://get.k3s.io | sh -
sudo k3s kubectl get nodes
```

Subiri dakika moja au mbili hadi nodi iandikwe `Ready`. Kisha tazama podi zote:

```
sudo k3s kubectl get pods -A
```

Utaona vipande vya ndani vya klasta: coredns, metrics-server, local-path-provisioner na traefik. Utaona pia podi zinazoanza na `helm-install-traefik` zikiwa zimeandikwa `Completed`. Hili huulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo nalijibu hapa: hazijaharibika. Zilikuwa na kazi moja ya kuweka Traefik, zimeimaliza, zimepumzika. Ziache.

Kama una mashine ya pili, soma siri ya kujiunga kwenye seva:

```
sudo cat /var/lib/rancher/k3s/server/node-token
```

Kisha nenda kwenye mashine ya pili, ukibadilisha SIRI kwa maandishi uliyoyapata:

```
curl -sfL https://get.k3s.io | K3S_URL=https://192.168.1.10:6443 K3S_TOKEN=SIRI sh -
```

Ikiwa umewasha ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) kwenye seva, fungua njia hizi (poti), la sivyo mashine hazitasikilizana:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 6443 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8472 proto udp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 10250 proto tcp
sudo ufw allow from 10.42.0.0/16
sudo ufw allow from 10.43.0.0/16
```

Poti ya 8472 isiachwe wazi kwa dunia nzima kwa hali yoyote. Hapo ndipo podi za mashine tofauti huzungumza, na mtu wa nje akiifikia ameingia ndani ya mtandao wa klasta. Ndiyo maana nimeandika `from 192.168.1.0/24`, ikiwa na maana ya mtandao wa ofisini peke yake. Badilisha namba hiyo kama mtandao wako ni mwingine, na ufungue poti hizi kwenye nodi ya pili pia kama nayo ina ufw.

## Hatua ya 3: Acha kutumia sudo kila mara

K3s huhifadhi funguo za klasta kwenye faili la msimamizi wa mashine. Nakili kwako:

```
mkdir -p ~/.kube
sudo cp /etc/rancher/k3s/k3s.yaml ~/.kube/config
sudo chown $USER ~/.kube/config
chmod 600 ~/.kube/config
echo 'export KUBECONFIG=~/.kube/config' >> ~/.bashrc
source ~/.bashrc
kubectl get nodes
```

Mstari wa `export` ndio watu wanaouacha. Bila huo, kubectl ya k3s hurudi kwenye faili la msimamizi na kukujibu `permission denied`. Wengine hutatua kwa kufanya faili la msimamizi lisomwe na kila mtu kwenye mashine. Usifanye hivyo. Faili hilo ni ufunguo mkuu wa klasta nzima, na kulifungua ni sawa na kuacha ufunguo wa stoo ukining'inia mlangoni.

## Hatua ya 4: Weka Helm

Helm ndiyo itakayoleta Headlamp pamoja na vipande vyake vyote kwa amri moja.

```
curl -fsSL https://raw.githubusercontent.com/helm/helm/main/scripts/get-helm-3 | bash
helm version
```

## Hatua ya 5: Weka Headlamp

```
helm repo add headlamp https://kubernetes-sigs.github.io/headlamp/
helm repo update
helm install headlamp headlamp/headlamp \
  --namespace dashibodi --create-namespace \
  --set clusterRoleBinding.create=false
```

Tazama mstari wa mwisho, kwa sababu hutaukuta kwenye mafunzo mengi. Ukiuacha, kifurushi hiki huitengenezea Headlamp akaunti yenye roli ya `cluster-admin`, yaani mamlaka juu ya kila kitu. Kisha mafunzo hukuambia utoe tokeni ya akaunti hiyo na uingie nayo. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini umezoea kuingia kila siku na ufunguo mkuu, na siku utakapomwonyesha mwenzako utampa ufunguo huohuo. Headlamp yenyewe haihitaji mamlaka hayo ili ikuonyeshe vitu. Inatumia ruhusa za tokeni unayoingia nayo.

Ngoja imalize:

```
kubectl rollout status deployment/headlamp -n dashibodi
```

Hapa ndipo intaneti ya polepole hujionyesha. Ikichukua dakika kumi, tulia. Usifute na kuanza upya kila dakika mbili, maana hapo unapakua vilevile tena na tena, na bando linakwisha.

## Hatua ya 6: Tengeneza akaunti ya mtazamaji

Hii ndiyo hatua ninayoomba uifanye kwa mikono yako, mstari kwa mstari, hata kama unachoka.

```
kubectl create serviceaccount mtazamaji -n dashibodi
kubectl create clusterrolebinding mtazamaji-view \
  --clusterrole=view --serviceaccount=dashibodi:mtazamaji
```

Roli ya `view` huja na Kubernetes. Inamruhusu mtu kuona podi, huduma, logi na mengine mengi, lakini haimwonyeshi vitu vya aina ya Secret, ambako nywila za hifadhidata na funguo za malipo hukaa. Haimruhusu pia kubadilisha wala kufuta.

Roli hiyo haigusi vitu vya klasta nzima kama nodi na diski. Ndiyo maana wengi wakiingia nayo hukuta ukurasa wa nodi umekataa, wakaamua kurudi kwenye `cluster-admin`. Huna haja ya kurudi huko. Ongeza ruhusa ndogo ya kutazama:

```
kubectl create clusterrole tazama-nodi \
  --verb=get,list,watch --resource=nodes,persistentvolumes
kubectl create clusterrolebinding mtazamaji-nodi \
  --clusterrole=tazama-nodi --serviceaccount=dashibodi:mtazamaji
```

Sasa hakikisha kwa kuiuliza klasta yenyewe:

```
kubectl auth can-i list nodes --as=system:serviceaccount:dashibodi:mtazamaji
kubectl auth can-i get secrets -A --as=system:serviceaccount:dashibodi:mtazamaji
```

Jibu la kwanza liwe `yes`, la pili `no`. Jibu la pili likiwa `yes`, simama hapo utafute kosa kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 7: Fungua dirisha

Toa tokeni:

```
kubectl create token mtazamaji -n dashibodi --duration=8h
```

Yatatoka maandishi marefu. Yanakili yote, bila nafasi mwanzoni wala mwishoni. Usipoandika `--duration`, tokeni huisha baada ya saa moja. Mimi huweka saa nane ili initoshe siku ya kazi. Kesho unatoa nyingine. Mafunzo yaliyoandikwa kabla ya Kubernetes 1.24 hukuambia uitafute tokeni ndani ya Secret iliyojitengeneza yenyewe. Tangu toleo hilo haijitengenezi tena, kwa hiyo utatafuta kisichokuwepo.

Kisha fungua njia kutoka kwenye klasta hadi kwenye seva:

```
kubectl port-forward -n dashibodi service/headlamp 8080:80
```

Terminali itaonekana imeganda. Haijaganda, inashikilia njia. Ukiifunga, dirisha linafungwa.

Ikiwa unafanyia kazi kwenye kompyuta nyingine, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi, fungua terminali ya pili kwenye kompyuta yako na uchimbe mfereji wa SSH:

```
ssh -L 8080:localhost:8080 jina@192.168.1.10
```

Sasa andika `http://localhost:8080` kwenye kivinjari chako, bandika tokeni, ingia.

Hapa ndipo kishawishi kikubwa kipo. Utasoma mahali kwamba ukiongeza `--address 0.0.0.0` huhitaji mfereji. Ni kweli, na pia kila simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya ofisi itaifikia dashibodi yako, tena bila usimbaji, kwa hiyo tokeni itapita hewani ikiwa wazi. Hatua inayofuata kwa wengi ni kufungua poti kwenye ruta ili mkubwa aione kutoka nyumbani. Mwaka 2018 watafiti wa RedLock, kampuni ya usalama wa mitandao, walieleza jinsi walivyokuta dashibodi ya Kubernetes ya Tesla ikiwa wazi kwenye intaneti bila nywila, na wavamizi wakiwa wameshaingia kuchimba sarafu za kidijitali kwa mitambo ya kampuni hiyo. Wenye kutafuta madirisha yaliyo wazi hawachagui kampuni kubwa. Programu zao hupita anwani zote usiku kucha, pamoja na yako ya Ntinda.

Mkubwa akitaka kuona akiwa nyumbani, mwekee VPN (njia ya siri kupitia intaneti) kama WireGuard, apitie humo kisha atumie mfereji uleule.

Kuna njia nyingine nyepesi kwa anayefanya kazi peke yake: Headlamp ipo pia kama programu ya kompyuta ya Linux, Windows na Mac. Unaiweka kwenye kompyuta yako na inasoma faili la `~/.kube/config`, bila kuweka chochote kwenye klasta. Ukinakili faili hilo kutoka kwenye seva, badilisha ndani yake `127.0.0.1` iwe `192.168.1.10`, vinginevyo kompyuta yako itajitafuta yenyewe. Kumbuka tu kwamba faili hilo ni ufunguo mkuu, kwa hiyo dirisha lako litakuwa na mkono.

## Hatua ya 8: Weka kitu cha kutazama

Dashibodi ya klasta tupu haifundishi chochote. Tengeneza chumba na programu ndogo:

```
kubectl create namespace duka
kubectl create deployment salamu --image=nginx --replicas=2 -n duka
```

Rudi kwenye kivinjari, chagua neimspesi ya `duka`, fungua sehemu ya mizigo ya kazi (Workloads), na utaona podi mbili zikizaliwa. Bonyeza moja, soma logi zake, tazama zimewekwa kwenye nodi gani. Sasa, dashibodi ikiwa wazi upande mmoja, futa podi kwenye terminali:

```
kubectl get pods -n duka
kubectl delete pod JINA-LA-PODI -n duka
```

Utaiona ikiondoka na nyingine ikishika nafasi yake papo hapo. Nimewaonyesha wengi jambo hili, na karibu kila mara ndipo mtu anaelewa kwa mara ya kwanza Kubernetes inafanya kazi gani. Maneno yangu yote ya kabla ya hapo hayakufika.

Fanya na kosa la makusudi pia:

```
kubectl create deployment kosa --image=nginxx-haipo -n duka
```

Tazama `ImagePullBackOff` ikijitokeza, fungua podi hiyo usome matukio (Events) chini ya ukurasa. Sehemu hiyo ya matukio ndiyo itakayokuokoa siku ya shida ya kweli. Ukimaliza:

```
kubectl delete deployment kosa -n duka
```

## Hatua ya 9: Mpe mwenzako nguvu za chumba kimoja

Tuseme mwenzako anashughulikia duka na anahitaji kubadilisha vitu. Usimpe klasta nzima. Mpe chumba chake:

```
kubectl create serviceaccount fundi-duka -n duka
kubectl create rolebinding fundi-duka-edit -n duka \
  --clusterrole=edit --serviceaccount=duka:fundi-duka
kubectl create token fundi-duka -n duka --duration=8h
```

Tazama tofauti: hapa ni `rolebinding`, siyo `clusterrolebinding`. Neno hilo moja ndilo linaloamua kama anashika chumba kimoja au nyumba nzima, na kulikosea ni rahisi kwa sababu amri zote mbili hujibu vizuri bila onyo. Akiingia kwenye Headlamp atalazimika kuchagua neimspesi ya `duka` mwenyewe kwenye mipangilio, kwa kuwa haruhusiwi kuorodhesha vyumba vyote. Roli ya `edit` inasoma Secret za chumba hicho, kwa hiyo mpe mtu anayestahili.

Kila mtu na akaunti yake. Kama klasta yako inabeba taarifa za wanachama wa SACCO, za wagonjwa au za wanafunzi, hili si suala la usafi wa kazi tu: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde, na siku ukiulizwa nani alikuwa na uwezo wa kuziona, jibu la "sote tulitumia tokeni moja" halitakusaidia.

## Ikikwama

`connection refused` kwenye localhost:8080 unapoendesha Helm. Helm haijui klasta iko wapi. Rudi hatua ya 3 uweke `KUBECONFIG`. Namba 8080 hapo haina uhusiano na dashibodi, ingawa inafanana.

`address already in use`. Kuna programu nyingine kwenye poti hiyo, au port-forward ya jana bado iko hai. Tumia 8081:80, na ubadilishe mfereji wa SSH uendane nayo.

Tokeni inakataliwa. Imeisha muda, au umenakili nusu. Toa mpya. Ikikataliwa na mpya, endesha `timedatectl` kwenye kila nodi.

`x509: certificate has expired or is not yet valid`. Saa imepotea. Isawazishe, kisha `sudo systemctl restart k3s`. Ikiwa saa iko sawa na seva imekaa muda mrefu mno bila kuzimwa, kumbuka vyeti vya k3s hudumu siku 365 na huhuishwa k3s inapowashwa upya vikiwa vinakaribia kuisha. Amri ni hiyohiyo.

Dashibodi ilikuwa inafanya kazi, ghafla kurasa ni tupu. Mara nyingi port-forward imekufa kwa sababu podi ya Headlamp ilizaliwa upya. Endesha amri tena. Si ugonjwa.

Podi imebaki `Pending`. Soma matukio yake. Ukiona `Insufficient memory`, mashine imejaa. Punguza nakala au ongeza RAM.

Grafu za prosesa na kumbukumbu hazionekani. Andika `kubectl top nodes`. Ikikujibu namba, onyesha upya kivinjari. Isipojibu, metrics-server haijaamka au poti ya 10250 imezibwa kati ya nodi.

`ImagePullBackOff` kwa Headlamp yenyewe. Nodi haifiki intaneti. Kama nodi nyingine inayo imeji (kifurushi cha programu kilichopakuliwa) tayari, usiipakue mara ya pili. Tafuta jina lake kamili pamoja na toleo, itoe kwenye faili, ihamishe kwa USB, iingize:

```
sudo k3s ctr images ls | grep headlamp
sudo k3s ctr images export headlamp.tar JINA-KAMILI-LA-IMEJI
sudo k3s ctr images import headlamp.tar
```

Amri ya mwisho huendeshwa kwenye nodi inayokosa. Ukiweka faili hilo kwenye `/var/lib/rancher/k3s/agent/images/`, k3s hulipakia yenyewe kila inapoanza. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, klasta za ofisini zilizokuwa na imeji zao zote ndani zilikuwa na uwezo wa kuwaka na kuhudumia watu wa jengo hilo. Tangu hapo siweki klasta bila nakala za imeji kwenye diski ya pembeni, na nakushauri nawe ufanye hivyo leo, wakati intaneti ipo.

Unataka kuiondoa. `helm uninstall headlamp -n dashibodi` inaondoa Headlamp peke yake. Akaunti na ruhusa ulizotengeneza kwa mkono zinabaki, na tokeni ambazo hazijaisha zinaendelea kufanya kazi hadi akaunti zifutwe. Zifute pia:

```
kubectl delete clusterrolebinding mtazamaji-view mtazamaji-nodi
kubectl delete clusterrole tazama-nodi
kubectl delete rolebinding fundi-duka-edit -n duka
kubectl delete serviceaccount fundi-duka -n duka
kubectl delete namespace dashibodi
```